Njooni Kama Saidia Fundi

(Maneno haya niliyasema Jumamosi moja mbele ya wanachuo wapya wa kikundi chetu cha kujitolea kujenga nyumba, hapa Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.)

Mwenyekiti wa kikundi, walimu wetu, mwenyekiti wa serikali ya mtaa uliyetuheshimu kwa kufika, na nyinyi mafundi mlioacha kazi ya Jumamosi kuja kukaa nasi: shikamooni. Wadogo zangu wanachuo, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie faida za kujitolea. Mwalimu aliyenitangulia amezieleza vizuri kuliko nitakavyoweza mimi, kwa hiyo naomba ruhusa nizungumzie tofali.

Tofali la inchi sita, la saruji na mchanga, lina uzito wa kama kilo 30. Nyumba ya kwanza niliyoshiriki kuijenga, vyumba viwili na sebule kule Chamazi, ilikula matofali 1,300, ya msingi yakiwemo. Pigeni hesabu wenyewe: tani 39. Na kila tofali hubebwa zaidi ya mara moja. Linatolewa pale lilipofyatuliwa, linapangwa kivulini, linapelekwa kwenye ukuta, na kozi, yaani mistari ya matofali ukutani, zikishapita kifua linapandishwa jukwaani kwa fundi. Kwenye ile nyumba gari la mizigo halikuweza kuingia mpaka kiwanjani. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilishusha mchanga barabarani, na kutoka pale tuliusogeza kwa toroli moja lenye gurudumu bovu na kwa karai vichwani.

Hiyo ilikuwa mwaka 2013, nikiwa mwaka wa pili. Mama tuliyemjengea alikuwa anakaanga samaki. Saa kumi alfajiri yuko soko la samaki la Feri anagombania ndoo ya vibua, saa mbili amesharudi Mbagala anapara, jioni yuko barazani na kikaango. Alikuwa amepanga chumba kimoja na wanawe watatu, akilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na nusu ya akili yake, alivyoniambia mwenyewe, ilikuwa inaishi kwenye ile tarehe ya kodi. Kiwanja alikinunua kidogo kidogo kwa pesa ya mchezo, yaani upatu. Shirika lililotudhamini lilimkopesha vifaa, kwa mkopo usio na riba. Sehemu yake na ya familia yake ilikuwa jasho. Sisi wanachuo tulikuja kuongeza nguvu kwenye jasho hilo.

Wengi wenu mmesikia jina la Habitat for Humanity. Utaratibu huu wa mkopo usio na riba, pamoja na mwenye nyumba kufanya kazi kwa mikono yake, wao ndio walioutangaza duniani. Mara nyingi tunahadithiwa kwamba ni jambo la Kimarekani lililoletwa kwetu. Hadithi yenyewe ni ndefu kidogo kuliko hivyo. Millard Fuller alikuwa mwanasheria na mfanyabiashara tajiri. Yeye na mkewe Linda wakaamua kuachana na mali, wakaenda kuishi katika shamba la kijumuiya liitwalo Koinonia, karibu na mji wa Americus, jimbo la Georgia. Pale walikaa na Clarence Jordan, mmoja wa waanzilishi wa shamba hilo, wakabuni mfuko wa pamoja: wanaojengewa wanalipa taratibu bila riba, na kinacholipwa kinajenga nyumba ya mwingine. Mwaka 1973 familia ya Fuller ikahamia Mbandaka, huko Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kwa miaka mitatu wakaujaribu utaratibu ule pale, kwenye joto la ikweta, pamoja na wenyeji. Waliporudi kwao mwaka 1976 ndipo wakaanzisha shirika. Kwa hiyo kabla ya kuenea Marekani, wazo hili lilikwishabebeshwa zege Afrika.

Na sisi hapa hatuhitaji kufundishwa mfuko wa namna hiyo unavyofanya kazi. Kila mama wa Mbagala anaujua upatu. Leo napokea mimi, mwezi ujao unapokea wewe, na nikishapokea siwezi kuacha kutoa, kwa sababu aliye nyuma yangu ananijua kwa sura. Yule mama wa samaki hakuwahi kuuita ule mkopo deni la shirika. Alikuwa akisema, "Nalipa mchezo." Mtu wa shirika akimweleza habari za fomu na marejesho, yeye anauliza: anayefuata ni nani, ana watoto wangapi, amepata kiwanja wapi?

Kuna tofauti moja kati ya kule na huku ambayo hatuisemi vya kutosha, nayo ndiyo iliyonileta mbele yenu. Nyumba nyingi wanazojenga Marekani ni za mbao. Kikosi cha watu waliopangwa vizuri kinaweza kusimamisha kuta Jumatatu, na kabla ya wiki kwisha kuna paa. Ndiyo maana Jimmy Carter, aliyekuwa rais wa Marekani, na mkewe Rosalynn, walioanza kujitolea na shirika hilo mwaka 1984, waliweza kwa miaka mingi kutenga wiki moja ya kujenga kila mwaka. Mzee yule alikuwa bado anakwenda kwenye eneo la ujenzi akiwa na miaka 95, siku moja tu baada ya kuanguka nyumbani na kushonwa nyuzi juu ya jicho. Wanachuo wa kule nao hutumia wiki yao ya likizo. Wiki inatosha kwa kazi ya namna ile, na mtu anarudi darasani akiwa ameona kitu kimesimama.

Nyumba ya matofali haina wiki. Tofali likishafyatuliwa linahitaji kumwagiliwa maji siku saba angalau, asubuhi na jioni, la sivyo saruji inakauka kabla haijashika. Zege la lenta, lile la juu ya milango na madirisha, lisubiriwe. Jamvi, zege la sakafuni, lisubiriwe. Pesa ya mbao na bati isubiriwe, na hiyo ndiyo ndefu kuliko zote. Tukichukua kalenda ya nyumba ya mbao tukaileta Chamazi, matokeo yake nimeyaona: wanachuo 40 siku ya kuchimba msingi, wanachuo 60 siku ya kukabidhi funguo, na katikati, miezi na miezi, mama na wanawe na fundi.

Niwaambie habari ya ukuta.

Fundi wetu mkuu, mzee tuliyemwita Babu, alipata msiba ghafla akaondoka asubuhi. Alituambia tupange matofali, tuchekeche mchanga, tumsubiri. Tulikuwa vijana sita tuliokwishamwona akijenga Jumamosi tatu mfululizo, na tuliona kazi yenyewe tumeielewa. Kamba ipo, mwiko upo, udongo wa saruji na mchanga umekorogwa. Tukajenga. Kozi nne, upande wa chumba cha nyuma, mita kama tatu. Nilikuwa mimi niliyeshika mwiko, na naukumbuka mpaka leo ule utamu wa tofali likikaa juu ya udongo mbichi na kutulia.

Babu alirudi alasiri na kanzu yake ya msibani. Hakusema neno. Alitoa timazi mfukoni, ule uzi wenye chuma kizito wa kupimia kama ukuta umesimama wima, akaipachika juu ya ukuta, akaiachia. Kile chuma kikazunguka, kikatulia. Juu uzi uligusa tofali. Chini, kati ya uzi na ukuta, paliingia vidole viwili. Akaniita, akashika vidole vyangu mwenyewe, akavipitisha kwenye ile nafasi. Kisha akauweka mkono wake kifuani mwa ukuta akausukuma. Udongo ulikuwa bado haujashika, ukalala wote.

Mama alikuwa amekaa pembeni anapuliza moto wa chai. Aliinuka, akachukua panga butu, akaanza kuokota tofali moja moja, analikwangua udongo, analiweka. Hakutulaumu, hata alituambia, "Kunyweni chai kwanza, wanangu." Matofali saba yalipasuka. Jioni yule kijana wa shirika alipokuja na daftari la vifaa, nikamwona anaandika: matofali saba, yameharibika. Nikamuuliza yanaandikwa wapi. Akaniambia yanakwenda kwenye hesabu ya nyumba.

Hesabu ya nyumba ni deni la mama. Kosa langu, mimi niliyekuja kusaidia bure, lilikuwa linalipwa kwa vibua vya kukaanga.

Tulichanga wenyewe, tukafyatua mengine saba, na daftari likarekebishwa. Lakini tangu siku ile sikubali mtu aseme kwamba wanaojitolea hawagharimu kitu. Tunagharimu. Tunakula muda wa fundi anapotuelekeza, tunavunja vifaa, tunamwaga saruji. Saruji ile ina bei. Mwaka 1977, akitazama nyuma miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alisikitika jinsi tulivyotekwa na bati na saruji, akasema saruji nayo ni udongo tu, ila ni udongo wa Ulaya. Mjadala huo ni mzito na ningependa siku moja tuufanye hapa pamoja na watu wa Chuo Kikuu Ardhi. Lakini maadamu tunaitumia, basi Babu alikuwa na kauli moja: mfuko huu mwisho tofali 25. Anayetoa 50 kwenye mfuko mmoja anamuuzia mtu mchanga uliopakwa rangi ya kijivu. Alikuwa akinyanyua tofali mpaka kiunoni anaachia. Lililomwagiliwa vizuri linadunda, linatoa mlio. Lililonyimwa maji linakuwa unga.

Kwa hiyo kazi gani inamfaa mwanachuo? Nilichojifunza kwa Babu ni hiki: mwanachuo anafaa sana kazi ile ambayo haihitaji utaalamu ila inahitaji kurudi. Kumwagilia ni mojawapo. Nilipangiwa zamu ya alfajiri kwa wiki mbili. Unachota kwenye pipa kwa kopo, unapita mstari kwa mstari. Tofali lililolala na kiu, ukilimwagia, linatoa sauti ndogo, kama mtu anayevuta pumzi kwa meno, na maji yanapotea hapo hapo. Unarudia mpaka likatae kunywa, mpaka maji yabaki yanang'aa juu. Ukitaka kujua limetosha, sikiliza, likinyamaza limeshiba. Maji yenyewe tulikuwa tunanunua kwa dumu, kwa hiyo hata kumwaga pembeni ni hasara. Hakuna anayepiga picha saa kumi na mbili asubuhi akiwa na kopo. Lakini ukuta ule unasimama mpaka leo kwa sababu ya kopo.

Jambo la pili, na hapa naomba mafundi mnisikilize kama ninakosea. Pale mtaani kuna vijana wamekaa kijiweni tangu asubuhi wanasubiri kuitwa saidia fundi. Hiyo ndiyo pesa yao ya ugali. Tukija sisi 40, bure, na fulana zinazofanana, tunawaambia nini? Mwaka wangu wa kwanza kwenye kikundi hatukulifikiria hili hata kidogo. Kijana mmoja alisimama upande wa pili wa barabara akituangalia tunachimba msingi, kisha akamwuliza Babu kwa sauti ya chini kama kesho kutakuwa na nafasi. Babu hakuwa na la kumjibu.

Baadaye tulikubaliana, na nawaomba msiliachie hili: fundi analipwa, na saidia fundi wawili wa mtaani wanalipwa, kila siku, kabla ya kufikiria lolote jingine. Mwanachuo anaingia upande wa jasho la familia. Yaani siku ambayo mama angelazimika kuacha biashara ili abebe mchanga, unabeba wewe, yeye anakaanga samaki. Hapo umempa kitu. Ukichukua kibarua cha yule kijana umemnyang'anya mmoja kumpa mwingine, na wote wawili wanaishi mtaa mmoja.

Kuhusu fulana nitasema kidogo tu. Mwaka ule tulichangisha pesa, nyingine zikaenda kwenye fulana zilizoandikwa jina la kikundi, na za daraja la juu kabisa. Boma likakaa bila paa miezi kumi. Masika ikaingia, maji yakawa yanashuka ndani ya kuta, na mama, aliyekwisha kushindwa kodi ya miezi sita mingine, akahamia kwenye chumba kimoja chini ya turubai. Nilikwenda kumwona siku ya mvua. Alikuwa ameweka masufuria manne kukinga maji, mwanawe mdogo akifanya hesabu za shule kitandani kwa sababu sakafu ilikuwa tope. Nilikuwa nimevaa ile fulana. Niligeuka pale mlangoni nikaivaa ndani nje, na bado najiona.

Mabati yalikuja. Tulizunguka tukichangisha bati moja moja, mtu akitoa anaonyeshwa lake. Siku ya kupaua Babu alipanda kwenye kenchi mwenyewe, na umri ule. Mtoto mdogo alikuwa chini anampa misumari kwa kopo lile lile la kumwagilia.

Wengi wenu mmepita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Jembe mnalijua, jua mnalijua, sitawafundisha uvumilivu. Na wazazi wetu walijua kazi hizi kwa majina mbalimbali, kwetu Upareni tunaita msaragambo, lakini kule mtu alikwenda kwa jirani aliyemfahamu na ambaye angekuja kwake kesho. Hapa mjini tunakwenda kwa mtu tusiyemjua. Kwa hiyo kujuana kuna kazi yake. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Naomba zile siku mbili mzitumie kweli. Siku ya kwanza kaeni na mwenye nyumba, mnywe chai, mumuulize anataka mlango uelekee wapi na kwa nini. Yule mama wa Chamazi alitaka dirisha la jikoni litazame njia, auze akiwa ndani mvua ikinyesha. Ramani ya shirika ililiweka nyuma. Aliyelihamisha ni mwanafunzi mwenzetu, kwa sababu alikuwa ameuliza.

Na kabla ya yote, kabla ya koleo la kwanza kugusa ardhi, kiwanja kikaguliwe. Mwenyekiti wa mtaa yuko hapa, ndiye wa kumwona, pamoja na mjumbe wa shina. Majirani wa pande zote nne waitwe, mipaka ionyeshwe mbele yao. Karatasi zitazamwe: ni hati, ni leseni ya makazi, au ni maandishi ya mauziano tu? Jiji hili lilihesabiwa watu 5,383,728 mwaka 2022, kutoka 4,364,541 mwaka 2012, na wengi wao wamejenga pale walipopata. Wengine wamepata bondeni. Sijasahau Desemba 2011, mto Msimbazi ulipofurika na watu wa Jangwani wakapanda juu ya mapaa na watoto wao mgongoni, na baadaye serikali ikawapa viwanja Mabwepande. Tukimjengea mtu bondeni kwa moyo safi kabisa, tumemwekea watoto njiani mwa maji. Kama kiwanja kina shaka, bora tukose kujenga mwaka huo, tumsaidie kwanza kupata mahali pa haki. Waliohamishwa Kurasini kupisha bandari walianzia hapo: walijikusanya, wakanunua shamba Chamazi kwa pamoja, wakafyatua matofali kwa mikono yao. Nendeni mkawatembelee, watawafundisha kuliko mimi.

Ya mwisho ni ya kuvaa. Viatu vya kufunika mguu, siyo kandambili. Glavu kama unazo, kwa sababu saruji mbichi inachoma ngozi, na huisikii mpaka jioni. Nguo zozote za kuchakaa.

Nyumba ya mwaka huu iko Mbagala, ndani ndani kidogo kutoka Rangi Tatu. Ni ya baba mmoja fundi cherehani na mkewe, na mama yake mzee anayeishi nao. Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, mafundi hawa wamefyatua matofali 175 kwa mifuko saba. Kesho saa kumi na mbili asubuhi yanahitaji maji ya kwanza, na jioni tena, hivyo hivyo mpaka Jumamosi ijayo. Najua kesho wengine mna kanisa, hao wachukue zamu ya jioni. Zamu ni 14, watu wawili wawili. Daftari liko pale mezani kwa Babu, na kalamu iko juu yake.